Niende Blind Beggar au nisiende?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko London, mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamili. Wenzangu darasani wamepanga Ijumaa ijayo twende kwenye baa iitwayo Blind Beggar, kule Whitechapel, ambako zamani jambazi maarufu alimuua mtu kwa risasi. Wao wanaona ni jambo la kusisimua. Mimi sijawahi kuingia baa. Nimelelewa katika Jeshi la Wokovu, mama yangu ni askari wa miaka mingi, na pombe haijapata kuvuka mlango wa nyumba yetu. Sitaki kujitenga na wenzangu, lakini naona vibaya kwenda kustarehe mahali alipouawa mtu. Je, ni salama? Nikifika nifanyeje? Na kuna chochote cha maana pale, au ni umbea wa watalii tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimekaa nayo siku mbili, kwa kuwa ndani yake kuna sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu, nami naona ndiyo inayobeba jibu lako. Nitaifikia. Kwanza nikutoe wasiwasi: nenda.

Kwa usalama, usiwe na hofu. Blind Beggar ya leo ni baa ya mtaa kama nyingine. Utakuta watu waliotoka kazini, wanafunzi, na wageni walioletwa na habari ileile iliyowavuta wenzako. Majambazi unaosimuliwa wamekwisha kufa. Cha kuangalia Whitechapel Road siku hizi ni simu yako. Wapo wezi wanaopita kwa baiskeli na kuipokonya mkononi mwa mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara akitafuta njia. Soma ramani ukiwa bado ndani ya stesheni, weka simu mfukoni, ndipo utoke.

Sasa habari yenyewe, maana naogopa wenzako watakusimulia nusu yake.

Jumatano ya tarehe 9 Machi 1966, yapata saa mbili na nusu usiku, mtu aitwaye George Cornell alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu cha kaunta, akinywa na wenzake wawili. Baa ilikuwa karibu tupu. Akaingia Ronnie Kray na mtu wake, Ian Barrie. Barrie alifyatua risasi hewani kuwatisha waliokuwamo. Ronnie akamwendea Cornell, akampiga risasi ya kichwa kwa bastola ya milimita 9, akageuka, akatoka kwa mlango aliouingilia. Nje gari lilikuwa likimngoja. Cornell alifia hospitalini kabla ya kupambazuka.

Ronnie na pacha wake Reggie walizaliwa Hoxton tarehe 24 Oktoba 1933, wakakulia nyumba nambari 178, Vallance Road, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo hapo Whitechapel. Ujanani walikuwa mabondia. Kufikia miaka ya sitini walikuwa na genge walilolipa jina la heshima, The Firm, kana kwamba ni kampuni, na walikuwa wameingia hadi kwenye kasino ya matajiri huko Knightsbridge. Cornell naye alikulia huku huku East End, yaani mashariki ya London, ila alikuwa amejiunga na ndugu wawili wa Kusini mwa mto Thames, akina Richardson, mahasimu wa akina Kray. Usiku mmoja kabla ya mauaji, tarehe 8 Machi, kulikuwa na mapigano ya bunduki kwenye klabu ya Mr Smith's, Catford, na Richard Hart, mtu wa upande wa akina Kray, akauawa. Kuna wanaosema Ronnie alilipiza hilo. Wengine husema Cornell alikuwa amemtukana mbele za watu. Wengine hukumbusha kwamba Ronnie alikuwa mgonjwa wa akili, na kwamba mwaka 1958, akiwa kifungoni, madaktari walishathibitisha hivyo. Ukiwa pale utasikia zaidi hadithi ya tusi, kwa sababu inamfanya muuaji aonekane mtu wa kulinda heshima yake. Mimi hiyo ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Mtu anayetembea na bastola kwa ajili ya heshima yake alikwishaipoteza siku nyingi.

Lakini kuuawa kwa Cornell kulimalizika kwa dakika chache. Kilichofuata kilichukua miaka, na hicho ndicho ninachotaka ukifikirie ukiwa umeketi pale.

Mtu ameuawa penye mwanga, mbele ya watu wanaomjua aliyemuua. Mtaa ulijua. Polisi nao waliambiwa jina mapema. Hata hivyo lilipoandaliwa gwaride la utambulisho, shahidi aliyemwona Ronnie kwa macho yake hakumtambua. Ronnie akarudi nyumbani. Akaishi miaka miwili zaidi akiwa huru, akipita barabara zilezile, akiingia baa zilezile, na watu wakimwamkia.

Kimya kile kilikuwa kimejengwa tofali kwa tofali. Mwaka 1964 gazeti la Sunday Mirror liligusia uhusiano wa mwanasiasa mmoja mkubwa na kiongozi wa majambazi wa London. Mwanasiasa huyo, Lord Boothby, alijitokeza akakanusha, na gazeti likamwomba radhi na kumlipa pauni 40,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Baada ya hapo wahariri wakaogopa kuandika jina Kray kwa ubaya. Mwaka 1965 mapacha wakashtakiwa kwa kudai fedha kwa vitisho kutoka klabu moja ya Soho, wakaachiwa. Mwaka huohuo walipigwa picha na David Bailey, mpigapicha aliyekuwa akipiga picha za wanamuziki na warembo wa London. Sasa jiweke mahali pa mtu wa kawaida wa Bethnal Green, mtaa jirani na Whitechapel. Magazeti yameufyata. Mahakama imewaachia. Matajiri wanapiga nao picha. Wewe mwenye kibanda na watoto watatu, utasimama mbele ya polisi useme nini, na kesho ulale wapi?

Ndiyo maana moyo wangu uko kwa mhudumu wa kaunta. Usiku ule alikuwa kazini, na mambo yote yalitokea mbele yake. Mwanzoni naye alisema hakumtambua mtu. Sitamtaja jina, kwa kuwa alikuwa mwanamke aliyekwenda kazini kutafuta riziki, hakutafuta umaarufu. Asubuhi ya tarehe 8 Mei 1968 mpelelezi Leonard Read, waliyemwita Nipper, aliwakamata mapacha na watu wao kwa pamoja. Alielewa jambo ambalo waliomtangulia hawakulitilia maanani vya kutosha: hakuna atakayesema wakiwa nje. Wafungiwe kwanza, ndipo midomo ifunguke. Na ilifunguka. Mwaka 1969, katika mahakama ya jinai ya Old Bailey, mwanamke yule alisimama kizimbani mwa mashahidi, Ronnie akiwa mbele yake, akaeleza alichokiona na akakiri kwamba mwanzoni alinyamaza kwa hofu. Watu wengi wamewahi kuwa hodari mbele ya adui aliyefungwa pingu, najua. Lakini genge lile lilikuwa na ndugu, marafiki na wadeni nje ya kuta zile, naye alirudi kuishi miongoni mwao.

Nimewahi kusoma habari za mtu mmoja tu ambaye hakungoja pingu. Mjane wa Cornell alikwenda mwenyewe hadi Vallance Road, kwenye nyumba ya akina Kray, akavunja vioo vya madirisha. Polisi walikuwa na sheria na mishahara. Yeye alikuwa na msiba tu.

Hukumu ilitolewa Machi 1969. Ronnie alipatikana na hatia ya kumuua Cornell. Reggie alipatikana na hatia ya kumuua mhalifu mwenzao, Jack McVitie, aliyechomwa kisu Stoke Newington mwezi Oktoba 1967, katika kipindi hichohicho ambacho Ronnie angekuwa gerezani laiti watu wangeweza kusema. Kifo cha McVitie nakihesabu kuwa sehemu ya gharama ya kimya kile. Jaji Melford Stevenson aliwapa mapacha kifungo cha maisha, akapendekeza wasitoke kabla ya miaka 30. Ronnie alifariki 1995 akiwa mgonjwa wa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wagonjwa wa akili. Reggie alitolewa Agosti 2000 akiwa anakufa kwa saratani, akafariki tarehe 1 Oktoba. Na jambo ambalo wengi hawalijui: Bunge la Uingereza lilikuwa limesimamisha adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji mwezi Novemba 1965. Miezi minne mapema, risasi ile ingeweza kumpeleka Ronnie kwenye kitanzi.

Utasikia pia kwamba mapacha walikuwa watu wema kwa wazee, waliompenda mama yao, na kwamba enzi zao mtu aliweza kulala bila kufunga mlango. Maneno haya nimeambiwa na watu wa umri wangu kwa uso mkavu, wakimaanisha. Siwakejeli, ujana wa mtu ni mtamu, hata ukiwa umekaliwa na majambazi. Ila jiulize fedha za ukarimu ule zilitoka wapi. Zilitoka kwa wenye maduka, wenye klabu na wenye baa, waliolipa "ulinzi" kila wiki ili wasivunjiwe na hao hao waliokuwa wakiwalinda. Baa kama hii unayokwenda ndiyo iliyokuwa ng'ombe wao wa maziwa. Kwa hiyo ukiona picha zao zikiwa zimepambwa mahali popote East End, kumbuka kwamba ukuta ule ni wa mtu wa aina ile waliyoikamua.

Haya, nirudi kwenye sentensi yako. Umeandika: nimelelewa katika Jeshi la Wokovu.

Mwanangu, Jeshi lako la Wokovu lilianzia mlangoni pa baa hiyo.

Mwaka 1865 mhubiri aitwaye William Booth, mzaliwa wa Nottingham, mwenye umri wa miaka 36, alikuwa amehamia London na mkewe Catherine na watoto wao. Alikuwa amejitoa katika dhehebu la Kimethodisti alilokuwa akilitumikia kwa sababu lilitaka atulie kanisani naye alitaka kwenda kwa watu wasiokanyaga kanisani. Siku moja akiwa Whitechapel alikuta wamisionari wachache wakihubiri nje ya Blind Beggar. Walipomaliza waliuliza kama kuna Mkristo yeyote aliyesimama pale mwenye neno. Booth akalitoa. Walimpenda hata wakamwomba aongoze mikutano yao kwenye hema lililosimamishwa katika makaburi ya zamani ya Waquaker, na mkutano wake wa kwanza hemani ulikuwa tarehe 2 Julai 1865. Tarehe hiyo huenda mama yako anaijua, maana ndiyo wanayoikumbuka kama siku ya mwanzilishi. Kazi ile ikawa Misheni ya Kikristo, na mwaka 1878 ikachukua jina mnalolijua leo.

Alichokiona Booth mlangoni pale si uovu wa kusimuliana. Aliona wanaume wakitoka na mshahara wote ukiwa umebaki kaunta, wanawake wakiwangoja nje na watoto mgongoni, na pombe kali ya gin ya bei rahisi ikiuzwa hadi kwa watoto. Agano ambalo mama yako alitia sahihi, la kutogusa kileo, lina mizizi katika barabara ile. Na wenye baa hawakumpenda hata kidogo. Miaka ya 1880 kulikuwa na magenge yaliyojiita Jeshi la Mifupa yakiwarushia askari wa Wokovu mawe, matope na wanyama waliokufa, mara nyingi kwa kuchochewa na wauza pombe.

Jengo utakaloliona si lile alilosimama Booth mbele yake. Hilo la sasa lilijengwa 1894. Lakini mahali ni palepale, na jina ni lilelile, ambalo nalo lina hadithi yake: omba-omba kipofu wa Bethnal Green. Kisa chenyewe kinasema Henry de Montfort, mwana wa mkuu wa waasi Simon de Montfort, alipofuka katika vita vya Evesham mwaka 1265, akaishia kuombaomba njia panda akiwa amevaa matambara, mpaka binti yake mzuri alipoposwa na ndipo mzee akafichua utajiri wake. Historia inasema Henry alikufa palepale vitani. Watu wa Bethnal Green walikipenda kisa hata hivyo, kwa karne nyingi, na sioni ajabu. Mtaa wa maskini ulitaka kuamini kwamba chini ya matambara ya mtu kuna ukoo.

Kwa hiyo unaponiuliza kama ni vibaya kwenda, nasema wewe una haki ya kusimama pale kuliko wenzako wote. Hao wanakwenda kwenye baa ya Kray. Wewe unakwenda mahali dini ya mama yako ilipopata pumzi yake ya kwanza, na ambapo miaka 101 baadaye mtu aliuawa na watu wakanyamaza. Vyote viwili ni vya mlango mmoja, na mgeni anayetazama kimoja tu ameona nusu.

Kuhusu aibu ya kustarehe penye damu ya mtu, hisia hiyo usiiue, maana nimeona mahali ilipokosekana na nikaona matokeo yake. Mwendo wa kama dakika 20 kutoka hapo, Commercial Street, kuna baa ya Ten Bells. Annie Chapman na Mary Jane Kelly, wanawake wawili kati ya watano wanaohesabiwa kuwa waliuawa na Jack the Ripper mwaka 1888, wanahusishwa na baa hiyo. Mwaka 1976 wenye baa waliibadili jina wakaiita Jack the Ripper. Waliweka jina la muuaji mlangoni, kuuzia bia. Ilichukua miaka 12 ya watu kulalamika, wanawake wakiwa mstari wa mbele, hadi 1988 kampuni ya bia iliyomiliki jengo ikaamuru jina la zamani lirudishwe. Blind Beggar haikufanya hivyo. Imebaki na kipofu wake. Mimi naliheshimu hilo.

Sasa ya kufanya ukiwa ndani, kwa kuwa umeniambia hujawahi kuingia.

Katika baa ya Kiingereza hakuna atakayekufuata mezani. Unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba kinywaji chako. Hakuna foleni ya kuonekana, lakini foleni ipo: kila mtu anajua nani alimtangulia, na ukiulizwa wakati si zamu yako, elekeza kidole kwa aliyetangulia. Beba kitambulisho, kwa sababu wakiona sura ya chini ya miaka 25 huomba, ijapokuwa sheria ni miaka 18. Tangu Julai 2007 hakuna kuvuta sigara ndani, basi mavazi yako hayatarudi na harufu.

Kuagiza kitu kisicho na kileo hakumshangazi mtu yeyote. Juisi, soda, maji ya limau na soda, vyote vipo. Ila kuwa macho na majina. Saida, ile ya tufaha, hapa Uingereza ni kileo kamili, tena wakati mwingine kikali kuliko bia. Shandi ni bia iliyochanganywa na soda ya limau. Bia ya tangawizi kwa kawaida haina kileo, lakini ziko chapa zilizo nacho, uliza. Na bia zinazouzwa kama zisizo na kileo, nyingine zina asilimia 0.5. Kwa mwenye agano kama la nyumbani kwenu hilo ni jambo la kujua kabla ya kunywa, si baada.

Kitakachokukamata bila kutarajia ni raundi. Waingereza hununuliana kwa zamu: mmoja ananunua vya wote, kisha mwingine, hadi duara likamilike. Ukikubali kununuliwa soda, umekwishaingia kwenye duara, na zamu yako ikifika utatakiwa kununua pinti tano za bia. Kama hutaki fedha yako inunue pombe, sema mapema, mkiwa bado mnavua makoti: "Mimi nitajinunulia mwenyewe leo." Ukisema mwanzoni ni utaratibu wako tu. Ukisema baada ya raundi ya tatu watasema una mkono wa birika.

Tena, usianze kwa kuuliza alipouawa Cornell. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikiwa mgeni na daftari mkononi, kabla hata sijaagiza. Kijana wa kaunta hakunijibu vibaya. Alinyoosha mkono, akaonyesha, akaenda kumhudumia mwingine. Lakini niliona uso wake. Alikuwa ameulizwa swali lile mara elfu na watu waliomwona yeye kama bango la maelezo. Nilikaa na soda yangu nikiwa na haya. Agiza kwanza, kaa, salimia. Wakiwa na nafasi, mara nyingi husimulia wenyewe. Na ujue mapema kwamba ukumbi umepangwa upya tangu 1966, kwa hiyo usitarajie kiti kilekile wala kaunta ileile. Picha ya jengo kwa nje piga upendavyo. Ndani, usiwapige wateja bila idhini, na mwenzako akitaka kupiga picha akijifanya ameshika bastola, wewe ondoka kwenye fremu. Hakuna haja ya hotuba. Cornell alikuwa mhalifu, alikuwa mkatili pia, lakini alikuwa baba na mume wa mtu, na kuna watu walio hai wanaobeba ukoo wake.

Ushauri wangu ni uende mapema, peke yako, saa kama moja kabla ya wenzako. Stesheni ni Whitechapel. Laini ya Elizabeth inasimama hapo, na District pia. Nyuma ya stesheni kuna Durward Street, ambayo mwaka 1888 iliitwa Buck's Row, na ndipo Mary Ann Nichols alipokutwa ameuawa tarehe 31 Agosti. Hakuna la kuona, ila ukipita, pita ukilijua jina lake. Kisha toka kwenye barabara kuu. Mbele yako kutakuwa na soko la barabarani, vitambaa, samaki, maembe, wauzaji wengi wakiwa watu wenye asili ya Bangladesh, na ng'ambo jengo kuukuu la hospitali ambalo sasa ni makao ya halmashauri ya Tower Hamlets. Geuka kushoto, tembea kama dakika tano. Kabla ya kufika baa utaona lango la kilichokuwa kiwanda cha bia cha Albion, na Mtakatifu George na joka wakiwa wamechongwa juu. Ng'ambo ya barabara ni Sidney Street, ambako tarehe 3 Januari 1911 polisi na wanajeshi walizingira nyumba waliyojifungia majambazi wenye silaha, na Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akaja mwenyewe kutazama. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Simama nje ya Blind Beggar kidogo kabla ya kuingia. Booth alikuwa nje. Kisha endelea mashariki, vuka makutano ya Cambridge Heath Road, na barabara inabadilika jina kuwa Mile End Road. Upande huohuo wa kushoto, karibu na nyumba za mabaharia wazee za Trinity Green zilizojengwa 1695, utakuta sanamu ya William Booth akiwa ameinua mkono, na tangu 2015 ya Catherine pia. Hapo piga picha, umtumie mama. Kisha rudi baa, wenzako watakuwa wamefika.